Mkazo wa Uoksidishaji: Istilahi Inayohitaji Uangalifu kwa Wazazi wa Watoto Wenye Usonji

Mwaka 1985 mwanabiokemia Mjerumani Helmut Sies alihariri kitabu kilichoipa jina hali ambayo maabara zilikuwa zikiichunguza kwa muda mrefu: seli kuzalisha kemikali kali zitokanazo na oksijeni kupita uwezo wake wa kuzidhibiti. Kwa Kiswahili hali hiyo tuiite mkazo wa uoksidishaji. Wazazi wa watoto wenye usonji wanakutana na dhana hii kila wanapouziwa virutubisho, na tafsiri mbovu inaweza kuwapotosha vibaya.

Tuanze na uoksidishaji. Kuoksidisha kitu ni kukinyang'anya elektroni, na ndivyo chuma kinavyoshika kutu. Mwilini kazi hii haikomi. Mitokondria hutumia oksijeni kutengeneza nishati, na sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hugeuka kuwa superoksidi na peroksidi ya hidrojeni. Baadhi ya kemikali hizi ni radikali huru, yaani zina elektroni isiyo na mwenzake, hivyo hupora elektroni kutoka kwenye mafuta, protini au DNA iliyo karibu.

Seli ina kinga yake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza kimeng'enya kinachoiondoa superoksidi. Kinga nyingine kubwa ni glutathioni, ambayo seli huitengeneza yenyewe kutokana na amino asidi tatu. Hivi, pamoja na vitamini C na E za chakula, ndivyo vizuia-oksidishaji. Ubongo unavihitaji sana: una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na umejaa mafuta yanayooksidika upesi.

Kwa nini mkazo, si msongo? Kwa sababu msongo umekwisha kuzoeleka kwa maana ya mawazo mazito. Mama akisikia kwamba mwanawe ana "msongo", atadhani mtoto ana huzuni, au kwamba mawazo aliyokuwa nayo yeye wakati wa ujauzito ndiyo yaliyomdhuru. Lawama ya namna hiyo ina historia chungu. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alichapisha kitabu kilichoeneza dai kwamba usonji unatokana na wazazi, hasa mama, kukosa upendo kwa mtoto. Dai hilo limekanushwa, na leo tunajua kwamba urithi wa jeni una nafasi kubwa. Istilahi yetu isirudishe lawama hiyo kwa mlango wa nyuma.

Tafsiri mbovu zaidi ni kuviita vizuia-oksidishaji "viondoa sumu". Peroksidi ya hidrojeni haikuingia mwilini kama sumu. Seli hutumia kiasi chake kupashana habari, na seli nyeupe za damu huzalisha kemikali za aina hii ili kuua bakteria. Ubaya ni kuzidi kipimo. Mzazi akiaminishwa kwamba mtoto amejaa sumu, atatafuta wa kuitoa. Agosti 2005, katika jimbo la Pennsylvania, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki alipokuwa akichomwa dawa ya kuondoa metali mwilini.

Utafiti wenyewe unasema nini? Mwaka 2004 Jill James na wenzake huko Arkansas walilinganisha damu ya watoto 20 wenye usonji na ya watoto 33 wasio nao. Wenye usonji walikuwa na glutathioni pungufu, na sehemu kubwa zaidi ya iliyokuwepo ilikuwa imeoksidishwa. Tafiti nyingine baadaye zimeona tofauti za aina hiyo. Lakini tofauti katika damu haithibitishi chanzo. Mkazo unaweza kuwa matokeo ya jambo jingine, kama vile ulaji wa kuchagua sana, ambao ni wa kawaida kwa watoto hawa.

Majaribio ya tiba yamekuwa na matumaini na masikitiko pia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwamba asetilisisteini, inayoupa mwili malighafi ya glutathioni, ilipunguza hasira za watoto. Jaribio kubwa zaidi la Australia, lililochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha watoto 102 kwa miezi sita, halikuona faida kwa kipimo cha chini cha miligramu 500 kwa siku. Mwaka 2014 sulforafani ya chipukizi za brokoli iliwasaidia vijana wa kiume katika jaribio la watu 44, lakini jaribio la baadaye kwa watoto halikuthibitisha matokeo hayo katika kipimo chake kikuu.

Hukumu yangu ni hii: mkazo wa uoksidishaji ni jambo la kweli, na uhusiano wake na usonji unastahili kuchunguzwa, lakini hakuna kizuia-oksidishaji kilichothibitishwa kuwa tiba ya usonji. Wahariri na wauguzi, tumieni istilahi isiyotisha wala kulaumu. Nawe mzazi, kabla ya kununua kopo lolote, muulize daktari kama limejaribiwa kwa watoto na kwa kipimo gani. Fedha ulizo nazo zitangulie kwenye mafunzo ya mawasiliano, shule inayompokea mwanao na chakula anachokubali kula.