Habari za Wakili Christian Frederick Cole, Jinsi Zifuatwavyo Katika Madaftari

Mwaka 1885 alikufa Unguja, kwa ugonjwa wa ndui, wakili mmoja mwenye umri wa miaka 33. Hakuwa Mwingereza, wala Mhindi, wala Mwarabu. Alikuwa Mwafrika wa Sierra Leone, jina lake Christian Frederick Cole, naye atajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kutoka Afrika aliyetetea kesi katika mahakama za Uingereza. Twapenda kuwaeleza wasomaji, na hasa walimu watunzao madaftari, jinsi habari za mtu kama huyu zinavyofuatwa.

Wakili wa kusimama mbele ya majaji, zamani za Malkia Victoria, aliandikwa mara nyingi kuliko watu wengi wa nchi ile. Kwanza aliandikwa chuoni, kama alisoma chuoni. Kisha ilimpasa kuingia katika kimojawapo cha vyama vinne vya mawakili vya London, na humo aliandikwa yeye na baba yake na mahali atokapo. Alikula chakula cha jioni pamoja na wenziwe kwa muhula baada ya muhula, na tangu mwaka 1872 hakuna aliyeruhusiwa kuwa wakili pasipo kushinda mtihani. Akiisha kukubaliwa, jina lake lilipigwa chapa kila mwaka katika orodha ya mawakili. Tena bwana mmoja, Joseph Foster, alikusanya majina ya mawakili katika kitabu cha mwaka 1885, na baadaye majina ya wanafunzi wa Oxford tangu 1715 hata 1886. Basi mwenye kutafuta huanzia hapo.

Cole alifika Oxford mwaka 1873. Hakuandikwa katika koleji yo yote, bali katika wale waliosoma nje ya koleji, utaratibu uliowekwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu wasioweza gharama. Hivyo daftari latuambia habari za mfuko wake kabla hatujauliza. Ndugu wa mzazi wake ndiye aliyempelekea fedha, naye akafa kijana angali masomoni. Cole akapata riziki kwa kuwafundisha wanafunzi wengine. Mwaka 1876 alipata digrii katika Kilatini na Kiyunani, daraja la nne. Wako watakaoidharau daraja ile. Sisi twauliza ni nani kati yao aliyesomea mitihani yake huku akitafuta chakula cha kesho.

Mwaka 1877 akaingia University College. Wachoraji wa mji walimchora kwa dhihaka, na picha zile nazo leo ni ushahidi. Mwaka 1879 alitoa kijitabu cha mashairi juu ya vita vya Wazulu. Hakuweka jina lake, bali alijitaja kuwa mtu mweusi mwenye digrii. Mwaka 1883 chama cha Inner Temple kilimkubali kuwa wakili.

Lakini tukirudi nyuma kutafuta wazee wake, njia yabadilika. Serikali ya Uingereza ilianza kuandika vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, lakini daftari lile ni la Uingereza na Wales tu. Na mtu akifuata jina la Cole katika koo za Kiingereza, atapotea kabisa. Cole alikuwa mjukuu wa mtumwa. Manowari za Waingereza zilikamata merikebu za watumwa na kuwashusha watu Freetown, nao wengi wakapewa majina ya Kizungu. Karani aliandika jina, umri, kimo, na alama zilizochanjwa mwilini. Chale za mzee ndizo pengine zinazotaja kabila lake; jina la ukoo latuonyesha tu alipotua.

Kazi ya uwakili ilikuwa haba kwake Uingereza, akaja Unguja. Sultani alikuwa Sayyid Barghash, na soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka kumi na miwili tu kabla ya kifo cha wakili huyu. Mjukuu wa mtumwa alitembea katika mji ule na vitabu vya sheria mkononi, na kanisa kuu limekwisha kusimama pale palipouzwa watu. Unguja ilikuwa bado haijawa chini ya ulinzi wa Uingereza, jambo lililokuja mwaka 1890. Lakini balozi wa Kiingereza alikuwa na mahakama yake kwa raia wa Malkia.

Mtu wa namna hii, akifa ugenini, hatafutwi katika daftari la vifo la Uingereza. Hutafutwa katika vitabu vya mabalozi, ambao tangu mwaka 1849 waliandika vifo vya raia wao, na katika orodha ya mirathi iliyoanza mwaka 1858, ikiwa aliacha mali Uingereza.

Mwaka 2017 kibao cha ukumbusho wake kilitiwa ukutani University College, katika kichochoro kiitwacho Logic Lane.