Dau la Pembeni

Katika karne ya 19 alikuwako Uingereza bwana mmoja wa ukoo mtukufu, Lord Yarborough, ambaye alipoketi na wenzake kucheza whist, mchezo uliouzaa mchezo wa briji, alikuwa tayari kumlipa pauni 1,000 mtu ye yote atakayegawiwa karata 13 zisizo na hata moja iliyopita tisa, yaani mkono usio na ree, wala mfalme, wala malkia, wala ghulamu, wala kumi, kwa sharti kwamba mtu huyo atoe pauni moja kabla karata hazijagawiwa. Kwa asiyepiga hesabu hilo ni dau la mtu karimu asiyeijali mali yake. Walakini mkono wa namna hiyo hutokea, kwa wastani, mara moja katika mikono 1,828, hata mwenye kupokea pauni moja mara 1,827 na kulipa 1,000 mara moja tu hujikuta amebakiwa na pauni 827. Sina budi kuusifu ukarimu wa aina hii, usiompunguzia mwenyewe kitu. Bwana yule alikufa na dau lake likafa naye, illa jina lilibaki, na hata leo mchezaji wa briji aliyejaliwa karata duni kiasi hicho husema amepata Yarborough, pengine asijue kwamba anamtaja binadamu.

Dau kama hili naliita la pembeni kwa kuwa meza yenyewe ilikuwa na dau lake rasmi, kiasi maalumu kwa kila pointi, ambalo wachezaji wote wanne walifungwa nalo; na kando ya hilo wawili waliweza kuwekeana jingine kwa maneno ya kinywa tu, aghalabu juu ya raba nzima, ambayo humalizika upande mmoja ukisha kushinda michezo miwili. Wala sidhani kwamba chanzo chake kilikuwa uchu wa kamari peke yake. Mezani pale wenzi hawakuchaguana, bali walipatikana kwa kukata karata, hivi kwamba tajiri mwenye mashamba yasiyo na mwisho aliweza kuangukia meza moja na mtu mwenye mshahara wa kuhesabu; dau rasmi lingepandishwa lingemfukuza huyu, na lingeshushwa lingemsinzisha yule. Dau la pembeni lilimpa kila mmoja nafasi ya kucheza kwa kadiri ya mfuko wake, pasipo mtu kuulizwa mfukoni mna nini, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, lilidumu muda wote ule katika klabu za watu waliojali sana heshima zao.

Na heshima ndiyo iliyokuwa dhamana yake. Sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 1845 ilitamka kwamba mapatano ya kamari ni batili, wala mahakama haitamsikiliza mtu ajaye kudai alichoshinda. Basi aliyeshinda hakuwa na kadhi wa kumshitakia mdeni wake, alichokuwa nacho ni uso wa mdeni huyo watakapokutana tena klabuni siku ya pili. Maadamu dola ilikwisha kujitoa, wachezaji walilazimika kujitungia adabu zao wenyewe, na kanuni za whist zilizohaririwa na John Loraine Baldwin mwaka 1864 zinaonyesha jinsi walivyoitazama kazi hiyo kwa makini. Ilihesabiwa kuwa si adabu kuwekeana dau na watazamaji kabla wachezaji hawajamaliza kuwekeana wao kwa wao. Na mtazamaji aliyefungua kinywa akamzindua mchezaji juu ya kosa katika hesabu ya pointi, aliweza kutakiwa na wachezaji alipe yeye dau la meza pamoja na madau yote ya pembeni yaliyowekwa juu ya mchezo ule. Nikiwakumbuka watazamaji wa bao katika baraza zetu, ambao aghalabu hucheza zaidi ya wachezaji wenyewe, naona kanuni hiyo ingewafilisi watu wengi wema.

Briji ilipoingia Portland Club ya London, mwaka 1894, ilizirithi desturi hizi pamoja na viti na meza. Na mchezaji Harold Vanderbilt alipoibadili mwaka 1925, akiwa safarini baharini kwenda Havana kwa njia ya Panama, alibadili hesabu ya pointi, lakini tabia za wachezaji hakuzigusa. Mwaka 1931 dau la pembeni lilitoka chumbani likaingia magazetini. Ely Culbertson, aliyekuwa akiuza vitabu vya mbinu yake ya kunadi, yaani kutoa ahadi kabla ya kucheza, alimwita uwanjani Sidney Lenz, bingwa wa rika la wazee, wacheze raba 150 mjini New York, naye akaweka dola 5,000 dhidi ya 1,000 za mpinzani, fedha zote ziende katika sadaka. Wengine waliuona huo ujasiri. Mimi nauona kuwa tangazo la biashara lililopikwa vizuri, kwani mtu anayetoa tano kwa moja amekwisha kumdharau mwenzake hadharani kabla karata hazijachangwa, wala mwenzake hana la kujibu ila kucheza. Lenz alicheza, na katika Januari 1932 Culbertson akatoka mshindi kwa pointi 8,980.

Kisha yakaenea mashindano ambayo mikono ile ile hupitishwa meza hata meza, kila mtu apimwe kwa karata walizozicheza wenziwe, na kwa hiyo bahati ikapungua, na fedha nayo ikapungua. Hata hivyo dau la pembeni halikufa, ila lilijificha katika karata moja: saba ya uru. Neno hili uru pwani yetu ililipata kwa Wareno, ambao kwao maana yake ni dhahabu. Lakini kwenye meza ya briji malipo yake si dhahabu, ni bia. Mchezaji aliyenadi, akitimiza duru, yaani mizunguko ya karata nne, alizoziahidi na kuila duru ya mwisho kwa saba ya uru, mwenzi wake humnunulia bia, na vivyo hivyo kwa walinzi, yaani wale wawili wanaompinga, wakiivunja ahadi yake. Uru ikiwa turufu, haihesabiwi, maana ingekuwa rahisi mno. Ili karata duni kama hiyo iweze kula mwishoni, kila uru iliyo kubwa kuliko yenyewe lazima iwe imekwisha kutoka, au imetupwa na mwenyewe kwa kukosa macho, na mchezaji huanza kuilinda tangu mapema, akitupa badala yake karata ambazo busara ingetaka azishike. Wako wanaolichukia jambo hili, wakisema mtu asihatarishe ahadi yake kwa ajili ya kinywaji, nao wana haki. Lakini Lord Yarborough alichuma kwa wote walioketi mezani, na hapa deni haliwahusu wapinzani hata kidogo: mwenzi ndiye adaiwaye, mtu yule yule ambaye dakika iliyopita alishangilia ushindi, na mimi kama ningekuwa mdai wake ningeridhika na kikombe cha kahawa.