Tunalima Kahawa, Lakini Nyumbani Hakuna Kitu cha Kuisaga

Kuna kisagio kidogo cha kahawa ambacho kimeingia Nairobi kwa fujo miaka hii ya karibuni. Kile cha mkono, bomba jembamba la chuma. Mbegu zinaingia juu, unazungusha mpini, unga unashuka chini. Elfu mbili na kitu, tatu hivi, unakipata. Nimeuliza watu kadhaa wenye nacho wanakionaje na majibu yanafanana sana. Mkono unachoka. Mpini unachomoka ukizungusha kwa hasira. Ukipata wageni wanne asubuhi, hiyo tayari ni tizi. Halafu mwishoni, karibu kila mtu anaongeza kitu hivi: sikuwa najua kahawa yetu iko na ladha hivi.

Hiyo ya mwisho ndiyo imenikalia kichwani. Mmoja wao ametoka Kirinyaga kabisa, amelelewa na pesa ya kahawa, karo imelipwa na kahawa, na amekuja kuionja vizuri akiwa na miaka 24, ndani ya bedsitter, kwa kifaa kilichotoka China. Sasa hiyo inawezekanaje?

Jibu rahisi ni lile mnalijua. "Sisi ni watu wa chai." Watu wanalisema kana kwamba tulizaliwa na sufuria ya chai mkononi, na ilhali majani ya chai yenyewe yalipandwa hapa mara ya kwanza 1903, kule Limuru. Kahawa ilitangulia. Kwa hivyo hiyo hadithi ya "watu wa chai" inahitaji kuulizwa maswali.

Anza Pwani. Mji wa Kale Mombasa, Lamu, nenda mpaka Unguja, watu walikuwa wanakunywa kahawa kabla Nairobi haijakuwa hata kambi ya reli. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na mbuni pia. Mbegu zinakaangwa kwa kikaango, zinatwangwa kwa kinu na mchi, unga unachemshwa, tangawizi inaingia, halafu muuzaji anatembea na dele lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe ujue amefika. Chungu, bila maziwa, kashata au halua pembeni. Hicho kinu ndicho kisagio. Kila nyumba ilikuwa nacho tayari kwa sababu ya viungo na nafaka, kwa hivyo hakuna aliyehitaji kununua kitu kingine.

Ukienda upande wa pili, ng'ambo ya Ziwa Victoria, Wahaya wa Bukoba na Waganda walikuwa wanatafuna kahawa. Wanaichemsha na majani, wanaikausha, mgeni akija anapewa. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, waligawana punje mbili za tunda moja. Yaani ukanda huu wote ulikuwa na namna yake ya kuila au kuinywa. Shimo liko bara ya Kenya, mahali palepale ambapo sasa inalimwa kwa wingi. Hapo ndipo pa kuchimba.

Kidogo kuhusu chombo chenyewe, maana historia yake inachekesha. Ethiopia, ambako kahawa arabika ilitoka, wanatwanga mpaka leo. Waturuki walitengeneza visagio vya shaba vya mviringo, vyembamba, na ukiangalia hicho cha elfu tatu ni kama mjukuu wao. Halafu Ufaransa, mwaka wa 1840, familia ya Peugeot ilianza kutengeneza visagio vya kahawa. Ndiyo, Peugeot hao hao wa 504. Walikuwa wafua chuma, wanatengeneza misumeno na springi, na gari lilikuja karibu miaka hamsini baadaye. Kisagio cha aina hiyo kilikuwa kisanduku chenye droo ndogo chini, unakibana katikati ya magoti, unasaga. Kikawa kitu cha kawaida jikoni katika nchi ambayo haiwezi kuotesha hata mti mmoja wa kahawa nje ya nyumba.

Sasa angalia. Wamisionari Wafaransa ndio wanaotajwa kuleta kahawa kwetu, Bura kule Taita mwaka wa 1893, halafu St Austin's hapa Nairobi miaka michache baadaye. Watu kutoka nchi ya visagio. Mbegu iliingia shambani, lakini kijijini kisagio hakikuingia. Na baada ya muda mfupi hata mbegu yenyewe ilikatazwa.

Hii sehemu shuleni tulipitishiwa kwa sentensi moja. Walowezi walipochukua ardhi ya Kiambu na Thika wakapanda kahawa, serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kuipanda. Kulikuwa na leseni, na wewe hupewi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za heshima sana: eti mashamba madogo yataleta magonjwa, ubora utashuka, kahawa ya mzungu itaibiwa na kuuzwa kama ya Mwafrika. Ile ambayo haikusemwa kwa sauti ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hawezi kuja kuchuma ya mwingine kwa mshahara mdogo. Harry Thuku alipokuwa anapiga kelele miaka ya 1921 na 1922, moja ya malalamiko ilikuwa wanawake na wasichana kulazimishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Alikamatwa Machi 1922, watu wakaandamana, wakapigwa risasi.

Na usiniambie ilikuwa lazima iwe hivyo. Vuka mpaka tu. Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wanalima kahawa yao, wakaunda chama chao cha wapandaji 1925, na kufikia 1933 kikageuka kuwa KNCU, ushirika kamili. Mlima ni ule ule unaouona ukiwa Loitokitok na Mwingereza anayetawala ni yule yule. Upande mmoja kahawa ni ya mwananchi, upande mwingine ni kosa.

Huku kwetu mlango ulifunguliwa kidogo miaka ya 1930: Kisii, Embu, Meru, na hata huko kwa vipimo na masharti. Ukiangalia ramani utaona hizo sehemu ziko mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Kiambu, Murang'a na Nyeri walingoja hadi miaka ya 1950, wakati Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipotaka Mwafrika awe na shamba la kuuza mazao, katikati ya Hali ya Hatari, ili watu wawe na kitu cha kupoteza. Thuku mwenyewe aliishia kuwa mkulima wa kahawa, na 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya KPCU. Maisha yana mambo.

Lakini sikiza, kuruhusiwa kulima ni kitu kimoja. Namna ya kulima ndiyo iliyoamua mambo ya kisagio.

Kahawa inachumwa ikiwa nyekundu, na lazima ifike fakitori ya ushirika siku hiyo hiyo, kwa sababu ikilala inaanza kuchacha vibaya. Huko inamenywa ganda, inalowekwa, inaoshwa, inaanikwa kwenye vitanda vya waya. Halafu inapelekwa kinu kikubwa kukobolewa, inachekechwa kwa ukubwa, AA, AB, PB na zingine, inaingia mnada wa Nairobi, inawekwa kwa magunia ikiwa bado ya kijani, inaenda Mombasa, inapanda meli. Kukaangwa ni Ujerumani, Marekani, Sweden, huko. Kukoboa kunahitaji leseni, kukaanga kibiashara kunahitaji leseni, hata kuisafirisha kunahitaji kibali. Mkulima anaiona ikiwa tunda na baada ya hapo haioni tena. Anabaki na karatasi ya kilo.

Linganisha na mahindi. Kila senta ina kisiagi. Unabeba debe lako, linasagwa ukiona, unarudi na unga wako. Mahindi yalijengewa njia ya kurudi nyumbani. Kahawa ilijengewa barabara ya kutoka tu. Na chai, ambayo inasemekana ndiyo damu yetu, inatoka kiwandani ikiwa tayari: maji, majani, maziwa, sukari, umemaliza. Kahawa kutoka fakitori ingehitaji ukoboe, ukaange, usage, uchuje. Nani atakuuzia hivyo vitu vyote Othaya mwaka wa 1965?

Kwa hivyo kahawa ilirudi kijijini ndani ya kopo. Nescafé ilianza kuuzwa na Nestlé 1938, na kahawa ya kuyeyuka ikawa ndiyo "kahawa" kwa wengi wetu. Kopo linakaa kwa kabati ya sebuleni, linatolewa padri akija. Hakuna kusaga, hakuna kuchuja. Nimekutana na watu wazima ambao hawajui kwamba ile unga ya kopo na yale matunda mekundu ni ukoo mmoja, na siwacheki hata kidogo, kwa sababu hakuna hatua yoyote katikati waliyoonyeshwa.

Kuna wakati mmoja ungedhani mambo yangegeuka. Julai 1975 baridi kali iliua kahawa ya Brazil, na bei ya dunia ikapaa 1976 na 1977. Nyumba za mawe zikajengwa, mabati mapya, maredio. Kahawa ya Uganda ilivushwa kimagendo kupitia Chepkube, watu wakatajirika kwa usiku mmoja. Nchi nzima ilikuwa inaongea kahawa. Na bado hakuna aliyeikunywa, na hapo naelewa kabisa. Gunia moja ni karo ya mwaka. Nani atasaga noti?

Halafu 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko yakavunjika, bei ikaanguka, na vyama vya ushirika vikaingia madeni na wizi ambao mnaujua. Msimu wa 1987/88 tulikuwa tumefika karibu tani 130,000. Siku hizi tuko karibu na 50,000, mwaka mwingine hata chini. Tembea Kiambu uone: pale palipokuwa na miti ya kahawa sasa kuna fleti. Na katikati ya huo msiba, 1999, Java House ikafunguliwa Adams Arcade, na Nairobi ikaanza kununua kahawa kwa kikombe.

Hapa nilikaa na kikokotoo. Kilo sita hadi saba za matunda mekundu zinatoa kilo moja ya mbegu za kijani. Ukikaanga inapungua, unabaki na gramu 850 hivi. Kikombe kimoja kizuri ni gramu 15. Kwa hivyo kilo moja ya matunda ni karibu vikombe nane. Mkulima, msimu mzuri, analipwa mia moja na kitu kwa hiyo kilo. Msimu mbaya, chini ya hamsini. Hiyo mia ndiyo ya vikombe vinane vyote. Weka bei ya kikombe kimoja cha mjini hapo kando, halafu unyamaze kidogo.

Nilimpelekea shosho robo kilo niliyokuwa nimesaga. Amechuma kahawa tangu akiwa msichana. Aliionja, akasema ni chungu, akaweka maziwa na vijiko viwili vya sukari, akaimaliza yote. Halafu akauliza pakiti ni ngapi. Nilipomwambia hakuamini, akaniuliza tena kwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayehakikisha ameskia namba vizuri.

Sitawadanganya kwamba kisagio cha mkono kitapandisha bei ya mkulima. Bei ya mnada inafuata soko la New York, na kule hawajui una kisagio. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yetu inaondoka nchini ikiwa mbichi, na sababu moja ni kwamba ukiikaanga hapa huna wa kumuuzia, kwa sababu watu hawana cha kuisagia. Mtu mwenye kisagio ananunua mbegu zilizokaangwa hapa. Huyo ni mteja ambaye hakuwepo. Siku hizi kuna wakulima na vyama vinavyokaanga na kufunga pakiti wenyewe, na hao wanamtafuta huyo mteja kweli kweli.

Sasa ukinunua, hakikisha ni kile chenye meno mawili yanayosagana, unaweza kukaza au kulegeza. Ile ya kisu kinachozunguka, pamoja na kikombe kidogo kinachokuja na blenda, inakatakata ovyo: nusu vumbi, nusu vipande. Vumbi linatoa uchungu mbaya, vipande vinatoa maji machachu, vyote ndani ya kikombe kimoja. Ya viungo iachie viungo, usije ukanywa kahawa ya pilau. Saga ile utakayokunywa wakati huo tu, kwa sababu harufu inaondoka haraka. Na kama huna ya kuchujia, fanya kama Pwani: saga laini kabisa, chemsha, acha itulie, mimina polepole.

Kama kwenu mmetoka kwa kahawa na mna kisagio, niambie mnanunua mbegu kwa nani, kaunti gani, na pakiti ni pesa ngapi. Nataka kuanza orodha ya wale wanaouza moja kwa moja kutoka shambani, na hadi sasa niko na majina manne tu.