Merikebu Iliyochukuliwa Vichwani

Wenyeji wa Masasi na Newala walijua sana jina la Chauncy Maples, mmisionari aliyekaa Masasi, kisha akahamia Newala baada ya Magwangwara kuipiga Masasi mwaka 1882. Mwaka 1895 alifanywa Askofu wa Likoma, na mwaka ule ule akafa maji katika Ziwa Nyasa. Wenzake wakaazimu kuunda merikebu ya moshi yenye jina lake.

Iliundwa Glasgow mwaka 1899. Lakini maporomoko ya mto Shire hayapitiki kwa chombo. Kwa hiyo mafundi waliifanya ya vipande vya kuungwa, ikafungwa mizigo 3,481, mingi yake kadiri ya nguvu za mpagazi mmoja. Lakini pipa kuu la chuma la kuchemshia maji, lenye uzito wa tani 11, halikugawanyika. Likawekwa juu ya magurudumu, likavutwa na Wangoni 450 mwendo wa maili 64. Vyote vikaunganishwa karibu na ziwa, na mwaka 1901 merikebu ikashushwa majini.

Basi fundi mwenye akili, kabla ya kukata chuma, huuliza ni nani atakayekichukua, na atapita njia gani.