Kabla hujamtilia aksoloti mwenzake tangini

Watoto wetu wamemjua aksoloti kupitia mchezo wa Minecraft, uliomwingiza mwaka 2021. Tangu hapo swali moja nalipata kila mara, kutoka kwa jamaa zetu walioko Uingereza wanaomfuga na kwa vijana wa hapa Mombasa wanaotamani kumfuga: nimtilie mwenzake yupi asione upweke? Jibu langu huwaudhi wengi. Aksoloti haoni upweke. Mwacheni peke yake.

Kwa asiyemjua, huyu si samaki. Ni salamanda, wa ukoo mmoja na chura, ila yeye hukua hadi kuzaa akiwa bado na umbo la kiluwiluwi. Ana mkia wa kuogelea na matamvua yaliyotokeza nje ya kichwa kama manyoya, matatu kila upande. Asili yake ni Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kwenye maji ya baridi.

Hayo matamvua ndiyo huleta balaa. Yakipepea majini, samaki huyadhani minyoo na kuja kuyadonoa. Aksoloti naye macho yake ni dhaifu. Huwinda kwa kunusa na kuhisi mtikisiko, kisha hufunua kinywa ghafla na kufyonza maji pamoja na chochote kilicho mbele yake. Hatafuni. Basi mgeni wa tangini huwa ama atamdonoa mwenyeji, ama atamezwa.

Wabaya kuliko wote kwangu ni kambare wadogo wa urembo, wale wa Corydoras. Mapezi yao yana miiba migumu, na aksoloti akimmeza mmoja humkwama kooni. Wale samaki wanaojibandika kwenye vioo, ambao wenye maduka huwasifu kuwa wasafisha tangi, usiku humwendea aksoloti aliyetulia chini wakamlamba ute unaoikinga ngozi yake. Samaki wa dhahabu huyavumilia maji baridi, kweli, lakini hudonoa, huchafua maji upesi, na nyama yake huharibu vitamini B1 mwilini mwa anayemla. Kaa na kamba wenye magando, pamoja na kobe wa maji, hata tusiwajadili.

Kuna wanaonijibu kwamba mguu wa aksoloti ukikatika huota mwingine. Ni kweli, huota. Lakini kidonda huota ukungu kwanza, na mnyama anayedonolewa kila siku hali wala hapumziki.

Suala la joto nalo hupuuzwa. Aksoloti hustawi maji yakiwa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakifika 24 huanza kuugua. Gapi na neoni wanapenda hizo 24 na zaidi, kwa hivyo ukiwachanganya lazima upande mmoja uumie. Hapa pwani maji yaliyokaa sebuleni hayashuki kiasi hicho hata mwezi wa Julai. Feni haitoshi, ni mashine ya kupoza maji, usiku na mchana, na tokeni za umeme ni juu yako. Umeme ukikatika je?

Ukishikilia lazima awe na mwenzake, chagua aksoloti mwingine wa ukubwa uleule na jinsia ileile. Wadogo hung'atana miguu, na jike akiwa na dume anaweza kutaga mayai mamia kwa mara moja. Tenga lita 75 za maji kwa mmoja, na kama 40 zaidi kwa wa pili. Baada ya hapo kuna samaki mdogo wa Mlima Baiyun wa China, wa sentimita nne hivi, mwepesi na mpenda baridi. Mtenge siku 30 kwanza asije na maradhi, kisha mhesabu kuwa kitoweo. Kamba wadogo wekundu ni vivyo hivyo. Konokono wadogo achana nao, maana gamba huziba matumbo.

Huko kwao Xochimilco mchanganyiko huu umeshajaribiwa, na kwa gharama kubwa. Tilapia kutoka Afrika na kapi kutoka Asia waliingizwa mifereji ile wawe chakula cha watu, wakawa wanakula mayai na makinda ya aksoloti. Ukiongeza na uchafu wa jiji, hesabu ya mwaka 1998 ya aksoloti 6,000 kwa kilomita mraba ilishuka hadi 36 mwaka 2014. Sasa watafiti wa chuo kikuu cha UNAM na wakulima wa pale huziba vijifereji kwa vichujio ili samaki wasipite.

Kama umeshawachanganya, watoe samaki leo, si Ijumaa. Mtazame aksoloti matamvua na vidole, umbadilishie sehemu ya maji, na usimtilie dawa ya samaki yenye shaba, kwani ngozi yake huinyonya ikamdhuru. Na samaki uliowatoa wasimwagwe mtoni wala kisimani. Wagawie mwenye tangi lake.