Mambo ya kuzingatia kabla ya kukodi wahandisi wa makontena ya programu

MELI inapotia nanga katika bandari ya Mombasa, shehena haiondoki kwa nguvu za kreni na malori pekee. Nyuma ya kila kontena la chuma huwa kuna programu za kompyuta: moja hupokea hati za mizigo, nyingine huwasiliana na mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), na nyingine humwonyesha mwenye mali mahali lilipo lori lake.

Programu hizo zikikwama, mzigo nao hukwama, na muda wa kuhifadhi bila malipo ukiisha, ada za bandarini huanza kuhesabiwa siku baada ya siku.

Ili kuepuka hasara hiyo, kampuni za uchukuzi, mabohari na mawakala wa forodha huhitaji wahandisi wa makontena ya programu. Kwa kuwa kumwajiri mtaalamu wa aina hiyo kwa mshahara wa kudumu ni gharama kubwa, kampuni nyingi huona heri kumkodi kwa kandarasi.

Uamuzi huo una faida zake. Hata hivyo, una hatari moja kuu: kampuni inaweza kukodi mikono ya mtaalamu, na bila kujua ikamkabidhi pia funguo za nyumba.

Maana ya kontena la programu

Jina hilo lilitoka bandarini. Mnamo Aprili 26, 1956, mfanyabiashara wa Marekani, Malcom McLean, alisafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Kabla ya hapo, mizigo mingi ilipakiwa na kupakuliwa gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku.

Wazo la McLean ndilo lililofuatwa na wataalamu wa kompyuta. Programu hufungwa pamoja na vitu vyote inavyohitaji ili kufanya kazi, kisha hupelekwa katika seva yoyote yenye uwezo wa kuipokea, nayo hufanya kazi huko kama ilivyofanya kwa mtengenezaji.

Chombo kilichoeneza mtindo huu ni Docker, kilichotangazwa mwaka 2013. Mwaka uliofuata, kampuni ya Google ilitoa Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya nahodha au mshika usukani. Kazi yake ni kuamua kontena lipi liendeshwe katika seva ipi, kuliwasha upya lililozimika, na kuongeza idadi ya makontena kazi inapozidi.

Kwa kampuni ya shehena, manufaa yake ni dhahiri. Meli inapowasili, hati nyingi huingia kwa pamoja. Siku mbili baadaye kunakuwa shwari. Mfumo uliopangwa vyema hupanuka na kupungua kulingana na kazi. Aidha, sehemu ya ankara inaweza kurekebishwa bila kusimamisha ile ya kufuatilia malori.

Si kila kampuni inayohitaji nahodha huyo. Wakala mwenye programu moja na wafanyakazi 10 anaweza kuendesha makontena machache katika seva moja bila Kubernetes. Mhandisi mwaminifu humwambia mteja hivyo hata kama kufanya hivyo kutampunguzia malipo.

Funzo la Maersk

Mnamo Juni 27, 2017, kampuni ya meli ya Maersk, yenye makao makuu Denmark, ilishambuliwa na virusi vya kompyuta vilivyopewa jina NotPetya. Virusi hivyo vilienezwa kupitia masasisho ya programu ya uhasibu iliyotengenezwa na kampuni ya Ukraine. Kwa maneno mengine, adui alipitia mlango wa mtoa huduma.

Malori yalipanga foleni nje ya vituo vya makontena katika nchi mbalimbali kwa sababu hakuna aliyeweza kujua mzigo upi ni wa nani. Mwenyekiti wa kampuni hiyo wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza mwaka 2018 kwamba iliwalazimu kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300 za Marekani.

Seva zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutwa kote ulimwenguni, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Hiyo ilinusurika kwa kuwa umeme ulikuwa umepotea huko wakati wa shambulio. Data yake ilibebwa kwa mkono hadi Uingereza, na kazi ya kufufua mfumo ikaanzia hapo.

Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na kupotea kwa umeme. Ndogo haina budi kupanga wokovu wake mapema, hasa inapomwachia mtu wa nje mfumo wake.

Aina tatu za kandarasi

Aina ya kwanza ni kumkodi mtaalamu mmoja binafsi. Gharama yake huwa nafuu, lakini akiugua au akipata kazi kwingine, ujuzi wote huondoka naye.

Ya pili ni kukodi wahandisi kupitia kampuni inayowaajiri. Mmoja akiondoka, mwingine hutumwa. Kasoro ni kwamba anayetumwa baadaye huenda asiwe hodari kama yule aliyeonyeshwa siku ya mazungumzo. Kwa hivyo, ni muhimu mteja awe na haki ya kumpima kila mmoja.

Ya tatu ni kuikabidhi kampuni ya nje usimamizi wa mfumo mzima kwa ada ya kila mwezi. Njia hii humpunguzia mteja kazi, lakini ndiyo inayomfunga zaidi. Mteja lazima abaki na angalau mfanyakazi mmoja anayeelewa kinachoendelea.

Namna ya kumpima mhandisi

Cheti ni mwanzo mwema. Mtihani wa CKA, unaotolewa na Cloud Native Computing Foundation pamoja na Linux Foundation, hufanywa kwa vitendo kwa saa mbili, mtahiniwa akitatua matatizo katika mfumo unaofanya kazi. Hata hivyo, cheti hakionyeshi kama mtu anaielewa biashara ya shehena.

Jaribio bora ni kumpa programu ndogo yenye kasoro za makusudi, kumlipa kwa muda wake, na kumwomba aeleze kila hatua anayochukua.

Swali la kwanza lihusu data. Chochote kinachoandikwa ndani ya kontena hupotea kontena hilo linapoondolewa, isipokuwa pawe pametengwa hifadhi ya kudumu nje yake. Asiyelizingatia jambo hili anaweza kupoteza hati za shehena kwa kusasisha programu tu.

La pili lihusu nywila. Hazifai kufungiwa ndani ya kontena, kwa maana yeyote atakayepata nakala yake atazisoma. Vilevile, programu haipaswi kupewa mamlaka yote ya seva pasipo sababu.

La tatu lihusu asili ya vitu vilivyomo. Desemba 2021, ulipotangazwa mwanya hatari katika programu ya Log4j, kampuni nyingi zilihangaika kutafuta mahali ilipotumika. Kama vile afisa wa forodha anavyodai orodha ya mizigo, mteja naye anafaa kudai orodha ya kila kilichomo ndani ya kila kontena.

Mkataba uwe na nini

Kwanza, akaunti zote za seva za kukodi, hifadhi ya msimbo na jina la tovuti zisajiliwe kwa jina la kampuni, si la mhandisi. Yeye apewe ruhusa inayoweza kuondolewa wakati wowote.

Pili, umiliki uandikwe waziwazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huchukulia kwamba kazi iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza, ila pande mbili zikikubaliana vingine. Nchini Uingereza, hakimiliki hubaki kwa mwanakandarasi hadi aihamishe kwa maandishi. Anayekodi mhandisi wa nchi za nje asilisahau hilo.

Tatu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji mkataba wa maandishi kati ya mwenye data na anayeishughulikia kwa niaba yake. Data za watu zikivuja, mwanakandarasi anatarajiwa kumjulisha mteja katika muda wa saa 48, naye mteja kumjulisha Kamishna wa Data katika saa 72.

Nne, saa za kuitikia wito zitajwe. Bandari hufanya kazi usiku na mchana, na mhandisi apatikanaye Jumatatu hadi Ijumaa pekee hawezi kuokoa mzigo uliokwama Jumamosi usiku.

Siku ya kuagana

Malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya jaribio moja: mfanyakazi wa kampuni, akifuata maelezo yaliyoandikwa na mhandisi, aunde mfumo mzima upya katika seva tupu kwa kutumia nakala za akiba, huku mhandisi akitazama bila kugusa chochote.

Akifaulu, funguo za mhandisi zifutwe siku hiyo hiyo, nywila zibadilishwe, na mkono wa kwaheri upeanwe. Akishindwa, kazi haijakamilika hata kama programu zinafanya kazi vizuri.

Jaribio hilo lirudiwe angalau kila mwaka. Mwenye mali anayesubiri kontena lake Embakasi hatajali ni nani aliyekuwa na nywila. Atataka kujua mzigo wake utatoka lini.