Majivu Yenye Jina: Mitungi na Makasha ya Waetruski

Kuchoma maiti hakumlazimishi mtu kutengeneza chombo cha kuhifadhia majivu. Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wamechoma maiti zao kizazi baada ya kizazi, na kwa kawaida majivu huishia majini. Chombo kinachoyabeba ni cha safari tu. Chombo cha kudumu, kilichofinyangwa au kuchongwa kwa ajili ya mtu mmoja, huzaliwa pale waliofiwa wanapoamua kwamba marehemu, hata baada ya moto, sharti awe na mahali pake na awe na umbo. Ni watu wachache katika historia walioushikilia uamuzi huo kwa muda mrefu kama Waetruski, waliokaa Italia ya kati baina ya mito Arno na Tiber. Tangu karne ya 9 KK hadi karne ya 1 KK, hasa katika miji ya kaskazini kama Chiusi, Volterra na Perugia, waliendelea kutengeneza mitungi na makasha ya majivu. Wengi wa wanaoisimulia kazi hiyo huipanga kama safari ya kuelekea kwenye sura: mtungi usio na uso, kisha mtungi wenye kichwa, mwishowe sanamu ya mtu aliyejilaza juu ya kasha akiwa na mikunjo yake ya uzee. Naona mpangilio huo unapotosha. Kilichokifanya chombo kuwa cha fulani hakikuwa sura yake. Kilikuwa kazi ndogo ya mwisho iliyofanywa juu ya chombo cha kawaida, na baadaye jina.

Tuanzie Villanova, karibu na Bologna, ambako Giovanni Gozzadini alianza kufukua makaburi mwaka 1853 na ambako utamaduni mzima wa Waetruski wa mwanzo umepata jina lake. Mtungi wa zama hizo una umbo lilelile karibu kila mahali: tumbo lililotokeza katikati, shingo inayopungua kwenda juu, udongo mzito wa kahawia au mweusi, uliofinyangwa kwa mkono bila gurudumu, jinsi wafinyanzi wa Upare na Ukambani wanavyofanya mpaka leo. Kabla haujakauka, mfinyanzi aliuchora mistari ya pembepembe. Ndani yake hamkuwa na ule unga laini tunaoufikiria tukisikia neno majivu. Mlikuwa na vipande vya mifupa vilivyookotwa kwenye kuni zilizozimika. Ukiwa na vishikio viwili, kimoja kilivunjwa makusudi, ili usirudi tena kwenye kazi za nyumbani. Juu yake liliwekwa bakuli lililofudikizwa au, kwa baadhi ya wanaume, kofia ya vita ya shaba, na pengine kofia ya udongo iliyoiga ile ya shaba. Katika baadhi ya makaburi bizimu zimekutwa palipokuwa na nguo iliyouzunguka mtungi: ulivishwa. Ondoa kofia, ondoa nguo, na mtungi wa mtu huyu hutautofautisha na wa jirani yake. Mfinyanzi alitoa chombo; waliofiwa ndio waliokigeuza kuwa mtu. Kwingineko, hasa Latium na Etruria ya kusini, baadhi ya watu walipendelea kibanda kidogo cha udongo chenye mlango na maboriti ya paa. Wanaakiolojia walipokuta matundu ya nguzo za nyumba za kale kwenye kilima cha Palatine mjini Roma, vibanda hivyo vya wafu ndivyo vilivyowasaidia kukisia nyumba za walio hai zilivyosimama.

Anayetaka kunipinga atakimbilia Chiusi, na ana haki. Huko, katika karne ya 7 KK, watu walianza kuufungia mtungi kinyago cha shaba, kisha wakafinyanga kifuniko chenyewe kuwa kichwa cha mtu. Mtungi ukapata mikono ubavuni, ukakalishwa kwenye kiti cha udongo au cha shaba, na vyote vikatiwa ndani ya pipa kubwa la udongo na kuzikwa. Hapa, atasema, tayari tuna picha ya marehemu. Lakini vipange vichwa hivyo mstari mmoja uvitazame kwa utulivu. Utaona aina chache za uso zinazojirudia, na tofauti zikikaa kwenye ndevu, nywele na umri wa jumla: huyu mwanamume mzima, yule kijana, yule mwanamke. Kinachonivutia zaidi ni matundu yaliyotobolewa masikioni mwa baadhi yao. Mfinyanzi hakufinyanga hereni. Aliacha nafasi ya hereni halisi, na hereni ililetwa na mwenye msiba. Ni kofia na nguo za Villanova zilezile, ila sasa zimepata kichwa cha kukaa juu yake.

Ushahidi mzito zaidi umo kwenye makasha ya karne tatu za mwisho. Volterra walikuwa na alabasta, jiwe laini la kwao linalochongeka kwa urahisi, na karakana zao zilitoa makasha ya mstatili yenye kifuniko cha mtu aliyejiegemeza kama yuko karamuni: mwanamume na bakuli la kinywaji, mwanamke na kioo, upepeo au komamanga. Kichwa mara nyingi ni kikubwa na mwili umefinyika, maana kasha la majivu halihitaji urefu wa mtu na mchongaji alitumia nafasi aliyopewa. Ubavuni walichonga safari ya gari kuelekea kuzimu, au visa vya Kigiriki: vita vya Troya, Odysseus na nguva waimbaji. Chiusi hawakujisumbua hivyo. Katika karne ya 2 KK mafundi wa huko walikandamiza udongo kwenye kalibu, wakatoa makasha madogo yenye mojawapo ya picha mbili zilizotawala soko: ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wakiuana, au shujaa akipigana kwa plau. Kasha likitoka tanurini lilipakwa rangi, na juu yake mara nyingi alilala mtu aliyejifunika nguo gubigubi. Mamia ya familia zilinunua ndugu walewale wawili, na hakuna sababu ya kudhani kila moja ilikuwa na ugomvi wa urithi.

Basi heshima iko wapi, kama bidhaa ni moja? Swali hili linatokana na mazoea ya siku hizi ya kudhani kwamba kitu cha mtu binafsi ni kile ambacho hakina mfano wake. Anayenunua jeneza lililokwisha kuchongwa na kupangwa nje ya duka la seremala hamheshimu marehemu wake pungufu kwa sababu liko jingine kama hilo pembeni. Kwenye kasha la Chiusi, baada ya kalibu kumaliza kazi yake, alikuja mtu mwenye brashi au kitu chenye ncha akaandika kwenye ukingo, kutoka kulia kwenda kushoto, jina la aliyemo. Mstari huo haukutoka kwenye kalibu. Ndiyo kazi pekee kwenye chombo kizima iliyofanywa kwa ajili ya mtu huyo na si mwingine.

Itabaki hoja ya sura halisi, na lazima ijibiwe kwa mifano yake yenye nguvu kabisa. Katika jumba la makumbusho la Guarnacci, Volterra, kuna kifuniko cha udongo cha mume na mke wazee, nyuso zimekunjamana bila huruma. Nakubali: huyo fundi aliangalia wazee. Kwamba aliwaangalia hao wawili hasa, hatuna cha kulinganishia. Mahali ambapo tunacho ni kwa Seianti Hanunia Tlesnasa, mwanamke aliyezikwa karibu na Chiusi katikati ya karne ya 2 KK, ambaye jeneza lake la udongo, lililogunduliwa mwaka 1886, liko British Museum. Yeye hakuchomwa, kwa hiyo mifupa yake ipo. Wataalamu walipoichunguza na kuuunda upya uso wake kutokana na fuvu, walimkuta mama mtu mzima wa takriban miaka 50, ilhali juu ya jeneza amejilaza mwanamke mbichi aliyevalia vito, akijirekebisha shela. Wapo waliouona ufanano wa uso, na huenda upo. Lakini ikiwa tajiri wa kiwango hicho alikubali apunguziwe miaka, basi hata walipoweza kulipia sura, walichonunua kilikuwa hadhi. Utambulisho wake uko kwenye maandishi.

Na maandishi hayo yanasema mengi. Mwanamke wa Kietruski ana jina lake la kwanza, jambo ambalo Roma kwa kawaida haikumpa. Mwanamume hutajwa kwa baba yake, na mara nyingi kwa mama yake pia, jambo ambalo sisi tuliozoea bin na binti tunalisoma mara mbili. Chiusi tunakuta hata majina ya watumwa walioachwa huru, wakijulikana kwa cheo chao hicho, kwenye vyombo vyao wenyewe. Kalibu, iliyoonekana kuushusha ufundi, ndiyo iliyowafikishia watu wa chini kasha lenye jina. Kisha Waetruski wakapewa uraia wa Roma baada ya mwaka 90 KK, na lugha yao ikaanza kupotea. Katika kaburi la ukoo wa Volumni karibu na Perugia, lililofunguliwa mwaka 1840, kuna kasha la marumaru lenye umbo la jengo, limeandikwa Kietruski na Kilatini. Jina la Kilatini limefuata taratibu za Kirumi barabara, ila mwishoni limeongezwa kwamba huyu Publius Volumnius alizaliwa na Cafatia. Mrumi asingeona haja ya kuongeza hivyo. Sanaa ya kasha hilo ilikuwa imeshakuwa ya Kirumi. Kilichobaki cha Kietruski ni namna ya kumtaja mtoto wa fulani.

Wachimbaji wa karne za 18 na 19 walilitazama jambo hili kinyumenyume. Walitafuta picha. Mifupa ilitupwa, vifuniko vikatenganishwa na makasha yake na kuwekwa juu ya mengine yaliyoonekana kulingana nayo, na vyombo visivyo na nakshi vikapuuzwa hata kama viliandikwa. Orodha kubwa ya makasha hayo, aliyoianza Heinrich Brunn mwaka 1870 na kuendelezwa na Gustav Körte, imepangwa kwa visa vya Kigiriki: Troya peke yake, Thebes peke yake, kaburi likiwa limesahauliwa. Ukitaka kuona ukoo ulivyokaa pamoja, itakubidi uende Florence, kwenye bustani ya jumba la makumbusho ya akiolojia, ambako kaburi la ukoo wa Ati lililopatikana Volterra mwaka 1861 lilijengwa upya, makasha yake 53 yakizunguka chumba kimoja.